Carrier, mtoto wa mkulima aliyepima hewa kabla ya kuipoza

TANGU umeme wa gridi ya taifa ulipofika Kibondo na Kasulu mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli, mwenye nyumba ya wageni, duka la dawa au stesheni anaweza kuuliza bei ya kiyoyozi bila kuchekwa. Tatizo ni kwamba wengi huanza na bei na kumalizia na bei. Fundi anaulizwa kipi ni rahisi, muuzaji anaulizwa kipi kina nguvu, na chumba chenyewe hakuna anayekipima.

Mtu aliyebuni mtambo wa kwanza wa aina hii alikwenda kinyume na hapo. Willis Haviland Carrier, mhandisi wa Marekani, alipima hewa kwanza, akapiga hesabu, ndipo akachora mashine. Kwa mkulima wa nyanda za juu za Kigoma habari za mtu huyu zina ladha ya pekee, kwa sababu alizaliwa shambani, na kazi yake ya mwanzo kiwandani ilihusu kukausha mbao na kahawa.

Carrier alizaliwa Novemba 26, 1876 katika shamba la familia karibu na kijiji kiitwacho Angola, jimbo la New York, si mbali na Ziwa Erie. Alikuwa mtoto pekee. Mama yake, Elizabeth Haviland, alikuwa na mikono ya ufundi, akitengeneza saa na cherehani za nyumbani. Mtoto alipokwama kwenye hesabu za sehemu, mama alimtuma kuchukua matufaa, akayakata nusu, robo na thumuni, kisha akamwambia ajumlishe na kutoa vile vipande. Mama huyo alifariki mwana akiwa na miaka 11 tu, lakini somo lile lilibaki. Hadi uzeeni Carrier alikuwa akilitaja kama mwanzo wa namna yake ya kufikiri, yaani kulivunja jambo gumu vipande vidogo hadi kila kipande kihesabike.

Miaka ya 1890 bei za mazao Marekani zilianguka vibaya, na fedha za kumsomesha hazikuwapo. Kijana akafundisha shule kwa muda ili apate akiba, kisha mwaka 1897 akaingia Chuo Kikuu cha Cornell kwa ufadhili. Ufadhili haukutosha kula. Alikata nyasi, alichochea moto kwenye matanuri ya kupashia nyumba joto, na mwaka wa mwisho akaanzisha ushirika wa wanafunzi wa kufua nguo. Mwaka 1901 alihitimu, akaajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge mjini Buffalo kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki.

Buffalo Forge ilitengeneza feni kubwa na mabomba ya kupasha joto. Wateja walitaka mitambo ya kukaushia mbao na kahawa, na wahandisi wa wakati huo walikuwa wakikisia. Hakuna aliyejua kwa hakika bomba la urefu fulani hutoa joto kiasi gani hewa ikipita kwa kasi fulani, hivyo kila mtambo uliongezewa mabomba ya ziada kwa kuogopa aibu. Carrier alikaa akapima, akaandika majedwali. Katika msimu mmoja majedwali hayo yaliokoa takriban dola 40,000 za kampuni, na kijana akapewa idara yake ya majaribio.

Wakulima wa kahawa wa Kasulu na jirani zao wa Buhigwe wanaijua shida hiyo kwa mikono yao. Kahawa ya maganda ikiwa juu ya vichanja, jua linaweza kuwapo na bado punje zisikauke, kwa sababu hewa imejaa mvuke na haina nafasi ya kubeba maji mengine. Ili kahawa ishuke hadi unyevu wa asilimia 11 hivi, joto peke yake halitoshi; lazima hewa yenyewe iwe kavu. Carrier aliliona hilo kwenye mabomba ya Buffalo, na ndilo lililompeleka kwenye kazi iliyompa jina.

Mwaka 1902 kampuni ya uchapaji ya Sackett & Wilhelms ya Brooklyn, New York, ilileta malalamiko. Picha za rangi huchapwa kwa kupitisha karatasi kwenye mashine mara kadhaa, kila rangi kwa zamu yake. Majira ya joto hewa ya Brooklyn hujaa mvuke, karatasi huvimba, kesho yake husinyaa, na rangi ya pili haikai tena juu ya ile ya kwanza. Kazi nzima inakuwa hasara. Mwenye stesheni wa Kasulu anayeendesha mashine ya fotokopi mwezi Machi anaielewa habari hii bila kufafanuliwa, maana rimu iliyoachwa wazi usiku wa mvua asubuhi hukunjamana na kukwama kwenye mashine.

Michoro ya Carrier ina tarehe ya Julai 17, 1902. Alipitisha hewa juu ya mabomba yaliyojaa maji baridi, na baadaye mabomba ya mtambo wa kugandishia wenye amonia, ili mvuke ugeuke maji na kudondoka. Lengo lilikuwa unyevu wa asilimia 55 mwaka mzima. Mtambo ule ulikuwa na uwezo wa kupoza sawa na kuyeyusha kilo 49,000 za barafu kwa siku. Ubaridi uliokuja nao ulikuwa kama nyongeza. Mteja alilipia karatasi isiyovimba.

Mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa akisubiri treni usiku kwenye stesheni ya Pittsburgh, na ukungu umetanda. Hapo aliwaza jambo linalosikika kama mzaha, kwamba hewa inaweza kukaushwa kwa kuipitisha kwenye maji. Ukungu ni hewa iliyobeba mvuke wote inaoweza kuubeba kwa joto lile. Ikiwa baridi, mvuke huo ni kidogo. Basi ukirusha manyunyu ya maji baridi hewani, hewa hupoa, hutoa mvuke wake wa ziada, na ukiipasha tena kidogo inakuwa kavu kwa kiasi ulichokipanga. Ni jambo lilelile linaloonekana kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: hewa ikigusa kioo baridi inaacha maji yake nje ya chupa.

Hataza ya mtambo huo wa manyunyu aliipata Januari 2, 1906. Viwanda vya pamba vya kusini mwa Marekani vikawa wateja wa mwanzo, kwa kuwa uzi mkavu hukatika, na mwaka 1907 mtambo mwingine ulifika kiwanda cha hariri mjini Yokohama, Japani. Mwaka 1911 aliwasilisha mbele ya wahandisi wenzake hesabu za uhusiano kati ya joto la hewa, mvuke na umande. Chati iliyotokana na hesabu hizo bado inafundishwa vyuoni na kutumiwa na wahandisi wa majengo, na kwa maoni ya wengi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko mashine yoyote.

Wakati huo hakuna aliyefikiria nyumba. Mwaka 1914 jumba la tajiri Charles Gates mjini Minneapolis liliwekewa mtambo wa kupoza hewa wenye urefu wa mita sita na kimo cha mita mbili. Gates alikuwa amekwisha kufariki mwaka mmoja kabla, na huenda mtambo ule haukuwashwa hata siku moja.

Mwaka huohuo vita vya dunia vilianza Ulaya, na Buffalo Forge ikaamua kurudi kwenye biashara yake ya feni na kuachana na wahandisi wa hewa. Carrier, akiwa na miaka 38, angeweza kubaki. Pamoja na rafiki yake Irvine Lyle na wenzao watano waliondoka, wakachanga dola 32,600, na Juni 1915 wakasajili kampuni iliyobeba jina la Carrier. Walikuwa watu saba wasio na karakana. Walichokuwa nacho ni majedwali na sifa ya kuahidi matokeo yaliyopimwa, yaani joto fulani na unyevu fulani ndani ya chumba, badala ya kumuuzia mtu chuma na kumwachia bahati yake.

Mwaka 1922 walionyesha mashine mpya ya kupozea yenye kompresa inayozunguka kwa kasi, ndogo kuliko mitambo ya zamani ya pistoni, na isiyotumia amonia, gesi ambayo ikivuja inaweza kuua. Hiyo ndiyo iliyofungua milango ya maduka na kumbi. Duka la Hudson la Detroit lilikuwa na sehemu ya bidhaa za bei ya chini kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, na siku za mauzo makubwa wateja walizimia kwa joto. Mwaka 1924 likafunga mashine tatu za Carrier. Wateja wakakaa muda mrefu zaidi, na muda wa mteja dukani, kama kila mfanyabiashara ajuavyo, una thamani yake.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya jumba la sinema la Rivoli mjini New York, lililofunguliwa upya mwishoni mwa Mei. Adolph Zukor, mkubwa wa kampuni ya filamu ya Paramount, alikuja kujionea mwenyewe. Mtambo ulichelewa kupoza kwa sababu ukumbi ulikwisha kujaa watu kabla haujapata nafasi ya kufanya kazi, na mamia walikuwa wakijipepea. Polepole vipepeo vikaanza kushuka, hadi hakuna mkono uliokuwa ukipepea. Sinema, ambazo zamani zilifungwa majira ya joto kwa kukosa watu, zikageuka mahali pa kukimbilia joto.

Mashine ya nyumbani aliileta mwaka 1928. Ilikuwa ghali, na mwaka uliofuata uchumi wa dunia ulianguka, hivyo wachache waliinunua. Kampuni ilibidi iungane na nyingine mbili mwaka 1930, na Carrier aliyaishi miaka hiyo kwa shida. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kilienea Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati mwanzilishi wake alikuwa amekwisha kuzeeka.

Lakini hesabu aliyoitumia kwa Rivoli ndiyo ileile inayofaa kwa chumba cha Kasulu, na kila mtu anaweza kuifanya kabla ya kwenda dukani. Viyoyozi huuzwa kwa BTU, na namba za kawaida ni 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. BTU 12,000 huitwa pia tani moja, jina lililotoka zama za barafu: ni ubaridi wa kuyeyusha tani moja ya Kimarekani, kilo 907, kwa saa 24. Kwa hesabu hiyo mtambo wa Brooklyn ulikuwa sawa na viyoyozi 54 vya BTU 12,000. Chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu chenye dari hutosheka na BTU 9,000, na cha mita nne kwa tano huhitaji 12,000 hivi. Kisha ongeza. Mtu mmoja aliyekaa hutoa joto kama la balbu ya zamani ya wati 100. Friji ya soda, kompyuta na mashine ya fotokopi hutoa lake. Bati lisilo na dari huvuruga hesabu yote, na katika hali hiyo fedha ya kwanza iende kwa fundi seremala.

Wengi hudhani kikubwa zaidi ni bora zaidi. Hapa ndipo somo la unyevu linapouma. Kiyoyozi kikubwa mno hufikisha baridi iliyowekwa kwa dakika chache, kisha huzima kabla hakijapata muda wa kutoa mvuke. Chumba kinabaki baridi na majimaji, nguo kabatini zinanuka ukungu, na kompresa inachoka kwa kuwaka na kuzima. Vile vya inveta hupunguza mwendo badala ya kuzima, na hivyo husaidia hapo, ingawa ubao wake wa saketi hauvumilii umeme unaopanda na kushuka. Bila stabilaiza, mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, uhai wake unaweza kuwa mfupi.

Linabaki swali ambalo muuzaji hana sababu ya kuliuliza, yaani kama kiyoyozi kinahitajika kabisa. Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyanda za juu, sehemu kubwa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, wakati Kigoma mjini iko chini kando ya ziwa kwenye mita 770 hivi. Anayenakili nyumba ya Kigoma mjini au Dar es Salaam anapandisha shida ya pwani mlimani. Usiku wa Julai watu wa huku hujifunika blanketi. Joto linalolalamikiwa Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijashika, kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye bati lililopigwa na jua na ukuta wa magharibi uliochomwa mchana kutwa, kwa kuwa hewa ya kivulini chini ya mwembe bado inavumilika.

Kwa nyumba ya kuishi, basi, dari yenye matundu ya kutolea hewa juu, baraza upande wa magharibi, madirisha mawili yanayotazamana na pangaboi moja vinaweza kumaliza kazi. Feni ya maji, ile inayopuliza hewa kupitia pedi lililoloa, hufaa miezi ya kiangazi hewa ikiwa kavu. Mvua zikianza haina msaada, kwa sababu zilezile zinazozuia kahawa kukauka. Tofauti ya gharama ni kubwa. Pangaboi la wati 70 likiwaka saa sita kwa siku hula uniti 13 hivi kwa mwezi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inveta, kwa saa hizohizo, hula kati ya uniti 120 na 180. Mteja wa kundi la matumizi madogo la TANESCO, ambalo kwa miaka mingi limewekewa mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, atajikuta ameondolewa kwenye bei nafuu, na hapo hata taa na pasi zinapanda bei.

Vyumba vyenye sababu ya kweli vipo. Dawa nyingi za binadamu na za mifugo zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au 30, na chumba cha bati mwezi Oktoba huvuka hapo. Mwenye duka la dawa anayepoteza shehena moja kwa joto amepoteza zaidi ya bei ya kiyoyozi. Maabara, chumba cha kompyuta, na stesheni yenye kazi nyingi ya uchapaji, ambayo ndiyo Brooklyn yenyewe, zinaingia katika kundi hilo. Nyumba ya wageni inaweza kuanza na vyumba viwili na kuangalia kama wageni wanavilipia. Ghala la maharage halimo. Maharage yanataka kukauka vizuri kabla ya kuingia, chaga za kuyainua kutoka sakafuni na hewa inayopita.

Carrier mwenyewe aliendelea kufuata mahali penye sababu. Katikati ya miaka ya 1930 mitambo ya kampuni yake ilipoza mgodi wa dhahabu wa Robinson Deep karibu na Johannesburg, ambako joto la kina kirefu liliwazuia watu kuchimba. Mwaka 1937 alihamishia kampuni Syracuse, New York. Wakati wa vita alibuni mtambo wa kupoza hewa ya handaki la kujaribia ndege mjini Cleveland, ili kuiga baridi ya angani, na aliihesabu kazi hiyo kuwa ngumu na bora kuliko zote alizofanya. Alikuwa amefiwa na wake wawili, akaoa mara ya tatu mwaka 1941. Maradhi ya moyo yalimstaafisha mwaka 1948, na Oktoba 7, 1950 alifariki New York akiwa na miaka 73. Alizikwa Buffalo.

Jambo moja hakuishi kulijua. Gesi mpya zilizochukua nafasi ya amonia kwenye mafriji na viyoyozi tangu miaka ya 1930, ambazo hazikuwa na sumu wala kuwaka, zilikuja kugunduliwa miaka ya 1970 kuwa zinakula tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa, ya kundi moja baada ya jingine. Ile iitwayo R22, iliyojaa kwenye viyoyozi vya zamani, imepangiwa kukoma karibu yote katika nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo, ifikapo mwaka 2030. Anayeuziwa kiyoyozi cha mitumba kwa bei ya kutupa asome lebo ubavuni mwa kile kipande cha nje. Ikiwa imeandikwa R22, gesi ya kukijaza itazidi kuwa adimu na ghali kila mwaka. Vipya vingi huandikwa R410A au R32, na fundi aulizwe mapema kama ana vifaa vya gesi hiyo, maana R32 huweza kushika moto na haichezewi kwa vifaa vya zamani.